Unafufua vitu vya zamani nyumbani? Mashine au mkono, hivi ndo navyolinganisha mie hapa Tanga

Uani kwangu hapa Ngamiani nina banda la mabati, bajaji mbili zikiingia limejaa, na humo ndo nafufua vitu vya zamani: makasha, viti vya mvule, samadari, fremu za milango, mara nyingine baiskeli ya babu wa mtu imeota kutu mpaka mnyororo haukunjiki. Juzi kijana wa jirani kaja, "shikamoo mjomba", marahaba, akanambia kapata hela kidogo anataka na yeye aanze, ana kasha la bibi yake limelegea, sasa anunue nini. Listi alishaandika kwenye simu: grainda, mashine ya msasa, drili, jigsoo, randa ya umeme. Mashine tupu. Patasi hamna, klampu hamna, hata kinoo hamna.

Nikamwambia mwanangu kaa kwanza tunywe kahawa. Kwa sababu kufufua kitu si sawa na kutengeneza kipya. Kabati jipya ukikosea mbao unakata nyingine, lakini kasha la bibi ukilichimba pale pembeni halirudi tena, mbao ile mti wake ulishakatwa kabla mama yako hajazaliwa. Kwa hiyo mie nikilinganisha kifaa na kifaa sianzi na kasi wala bei, naanza na swali moja tu, nikiteleza kidogo hiki kitaniharibia kiasi gani? Bei na kasi vinafuata nyuma.

Na Tanga hapa kazi ipo, watu hawajui tu. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, mwaka uleule mkonge ulipoletwa na yule Mjerumani Hindorf ukapandwa huko upande wa Pangani, na hela ya katani ikaleta watu na majumba, na kwenye majumba yale zikaingia fanicha za mvule na msaji ambazo leo wajukuu wanazitoa nje zinanyeshewa wakanunue kabati la mbao za kubandika. Inaniuma sana hiyo.

Kusugua: mashine ya msasa, msasa wa mkono, au kikwanguo

Mashine ya msasa ile ya duara, inazunguka huku inatetemeka, nyingi ni wati 300 hivi, ni nzuri sikatai. Uso wa meza ya mbao nzima unaumaliza nusu saa wakati kwa mkono ni asubuhi nzima na bega linakuuma mpaka usiku, na vumbi jingi linaingia kwenye kimfuko chake. Kama kazi zako ni meza za chakula na milango ya bapa basi itakulipa.

Ila kwenye kitu cha zamani ndo chombo kilichoniharibia kazi kubwa kuliko vyote. Niliwahi kuletewa kabati lenye vinia, yaani ganda la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao nyingine, na vinia ya kabati la zamani ni nyembamba, mara nyingi haifiki milimita moja, mie sikukagua nikaweka msasa namba 60 nikawasha, nageuka kidogo tu naona rangi nyingine ya mbao inachungulia katikati ya mlango wa kabati. Mwenye kabati mama mtu mzima, alipoliona alinyamaza tu, akapitisha mkono pale, akanyamaza. Bora angenitukana. Tangu siku ile kabla sijawasha chochote naangalia ukingo wa mlango na nyuma ya droo, kama nyuzi za juu na za pembeni haziendani basi ile ni vinia, mashine inakaa pembeni.

Msasa wa karatasi kwa mkono hauna makuu, unazungushia kipande cha mbao, unaanza na 80 kama kuna makovu, halafu 120, 180, unamalizia 240, na unafuata nyuzi za mbao usikate njia. Usiruke namba, mikwaruzo ya 80 haifutwi na 240, inakuja kuonekana siku ukipaka vanishi. Na tusisahau msasa wenyewe ni mti, majani yake yanakwaruza, wazee walisugulia mbao kwa majani hayo kabla karatasi haijafika, na mpaka leo kwenye nakshi za mlango karatasi iliyokunjwa kwa vidole inaingia pale ambapo hakuna mashine itafika.

Sasa chombo ambacho wengi hawakijui ni kikwanguo, na hiki ningekuwa na uwezo ningemgawia kila mtu. Ni kipande tu cha msumeno wa zamani, unakata mstatili wa kutosha viganja viwili, ukingo unausawazisha kwa tupa mpaka unyooke, unausugua kwenye kinoo, halafu unaupitishia shina la bisibisi ngumu kwa kukandamiza mpaka ukingo ujikunje kidogo sana, ukigusa na kidole unahisi kijindevu. Unakishika kwa mikono miwili unakipinda kidogo unasukuma. Kinatoa maganda membamba kama ya kitunguu, vumbi hakuna, na ukiteleza umekwangua ganda moja tu. Kwa mvule hiyo habari ya vumbi ni kubwa, vumbi la mvule linawasha ngozi na linaleta mafua na kubana kifua kwa watu wengi, na mninga nao una watu wake inaowasumbua. Kikwanguo ni karibu na bure. Mie ningeanza nacho pamoja na karatasi, mashine ije mwaka wa pili.

Kutoa rangi ya zamani

Hapa zipo njia tatu na zote zina hatari yake, kwa hiyo nachagua kwa kazi yenyewe.

Mashine ya hewa moto, ile inafanana na draya ya saluni, rangi inavimba unaikwangua kabla haijapoa. Inakwenda haraka kwenye rangi nene iliyopakwa mara nane. Ila inakula, nyingi ni wati 2000, maana yake ukiiwasha saa moja mfululizo yuniti mbili za luku zimeondoka. Ukiielekeza karibu na kioo kioo kinapasuka, ukiganda sehemu moja mbao inaungua inakuwa nyeusi.

Dawa ya kutolea rangi unapaka, unasubiri, unakwangua. Hii ndo inafaa kwenye nakshi, lakini soma kopo, zile zenye methilini kloridi ukizitumia chumba kimefungwa zinaweza kukuua kweli, si maneno ya kutishana. Nje, upepo wa bahari ukipiga, glavu mkononi.

Kostiki soda wengi wanaipenda kwa sababu ya bei. Mie sitaki kuiona kwenye mvule wala msaji, inageuza mbao kuwa nyeusi, inanyanyua nyuzi, inalegeza maungio yaliyoshikwa kwa gundi, na usipoiosha vizuri rangi mpya inabanduka. Kwenye geti la chuma sawa, kwenye kasha la bibi hapana.

Na kwa njia yoyote ile, rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi. Usizisugue kavu, lowesha maji ndo usugue, usipandishe moto mpaka rangi ifuke moshi, na watoto wasicheze pale chini, risasi inaharibu akili ya mtoto na huwezi kuiona kwa macho. Mie natandika turubai, nikimaliza nalikunja na takataka zake zote, nguo navua palepale uani kabla sijaingia ndani.

Patasi na randa: mpya za bei ya chini au mtumba mzuri

Hapa sina maneno mengi ya katikati, mtumba. Zile seti za patasi mpya za vipini vya plastiki vya rangirangi ni waja leo waondoka leo, chuma laini, ukipiga mvule mara kumi ukali umekwisha. Mvule una kitu kingine wengi hawakijui, ndani yake huwa kuna mawe, mti unajitengenezea vijiwe vya chokaa mle kwenye kovu zake, unakwenda vizuri mara patasi inalia kah, ukiangalia makali yamemeguka. Chuma kizuri ukikinoa unaendelea, chuma kibaya unanoa kila dakika mpaka patasi inaisha.

Patasi ya zamani unaipata kwa wauza vyuma chakavu au kwa familia ya fundi aliyefariki (uliza kwa adabu, usiende msiba haujaisha). Angalia mgongo wake, ule upande wa bapa. Kutu ya juu juu haina neno, lakini kama kutu imechimba mashimo karibu na makali iache, makali hayatakaa. Kipini kimevunjika? Hicho unachonga mwenyewe. Kwa kuanza mbili zinatosha, ya nusu inchi na ya inchi moja.

Randa vilevile, randa ya chuma namba 4 ya zamani inashinda randa ya umeme kwa kazi hizi zetu, tena mbali. Ile ya umeme inakwangua milimita moja au mbili kwa mpito mmoja, ikikutana na msumari uliojificha kwenye mbao ya zamani visu vimekwenda, na pale mwisho wa mbao ukilegeza mkono inachimba bonde. Randa ya mkono unaisikia. Mlango unakwaruza chini umevimba kwa masika, unaupitisha mara tatu, basi.

Ila patasi na randa bila kinoo ni vyuma tu. Kinoo kizuri kina bei, kwa hiyo kwa anayeanza namwambia achukue kipande cha kioo kinene cha dirisha, abandike msasa wa maji namba 400, halafu 1000, halafu 2000, anolee hapo, pembe ya nyuzi 25 hivi. Matokeo ni yaleyale kabisa. Baadaye hesabu inageuka, karatasi zinaisha kila wiki na kinoo kinakaa miaka, kwa hiyo ukiona umeipenda kazi nunua kinoo.

Klampu na gundi, hapa ndo watu wanabana hela pasipotakiwa

Kiti kinacholegea hakitaki msumari! Naomba sana. Kila kiti cha zamani kinachofika kwangu kimepigwa misumari ya inchi tatu na mtu aliyetaka kusaidia, na msumari ndo umepasua mguu. Kiti kinataka kufunguliwa, gundi ya zamani ikwanguliwe yote kwenye ulimi na tundu kwa sababu gundi mpya mara nyingi haishiki vizuri juu ya gundi kavu, kipakwe, kibanwe, kiachwe mpaka kesho.

Klampu ya G ina nguvu lakini mdomo wake mfupi. Klampu ndefu zenye mhimili, zile kama herufi F, ndo zinafanya kazi nyingi, chukua nne, mbili hazitoshi kwa sababu fremu ina pande nne. Ukinunua angalia skrubu yake, kama inayumba ikiwa mpya itateleza usiku ukiwa umelala. Na weka vipande vya mbao kati ya klampu na fanicha, la sivyo meno yake yanabaki pale milele.

Huna hela ya klampu? Kata tyubu ya baiskeli utepe mrefu, Tanga hii baiskeli zilivyo nyingi tyubu mbovu utapewa bure kwa fundi yeyote, uzungushe kwa kuvuta, inabana kuliko unavyofikiri na haikwaruzi. Au kamba ya katani, zungusha miguu yote minne mara mbili, ingiza kijiti katikati upotoe kama unavyokaza kitanda cha kamba. Kwa viti vya mviringo hizi njia mbili zinaishinda klampu, nasema kwa dhati, kwa sababu klampu inasukuma sehemu moja na kamba inabana pande zote sawasawa.

Gundi sasa. Gundi nyeupe ya mbao ipo kila duka la vifaa, inashika vizuri, kwa kasha la nyumbani inatosha. Gundi ya ngozi, ile inayopashwa moto kwenye maji, ndo iliyotumika kwenye fanicha nyingi za zamani, inasumbua kuandaa na haipendi unyevu, na pwani kwetu unyevu upo mwaka mzima, lakini ina sifa moja ambayo nyeupe haina: ukitaka kufungua kiti tena miaka 30 mbele, maji ya moto tu inalegea. Kitu cha thamani kweli natumia ya ngozi. Kiti cha kukalia kila siku jikoni natumia nyeupe. Zile gundi za kuchanganya mirija miwili naziacha kwa chuma na kujaza mashimo, ukiunga kiti kwazo aliyekuja nyuma yako atalazimika kukivunja.

Drili

Ya waya au ya betri? Ya waya kwa hela ileile inakupa nguvu zaidi na haizeeki betri, ila umeme ukikatika umekaa. Ya betri unaendelea, na ina kile kipete cha namba cha kuzuia nguvu, skrubu ikifika mwisho inajikatia yenyewe haipasui mbao, kwa bawaba za zamani hicho ndo kitu. Mie ningechukua ya betri, lakini usidanganywe na volti 18 na volti 20. Betri ya volti 18 ina seli tano za volti 3.6, zikiwa zimejaa chaji kila moja inafika volti 4 hivi, tano ni 20, wengine wanaandika namba ya kujaa basi. Ni kitu kilekile. Angalia ampia-saa (Ah) za betri, yaani inabeba chaji kiasi gani, na ulizia kama betri ya akiba inapatikana hapahapa mjini, maana betri ikifa na hakuna ya kubadilisha, drili nzima ni jiwe.

Na keekee ya upinde au ya kukoroga kwa mkono? Kwa tundu dogo la skrubu kwenye ubao mwembamba inatosha kabisa, mafundi wa majahazi wametoboa mbao za majahazi mazima kwa keekee. Kama unayo ya urithi usiiuze. Kwenye mvule toboa kwanza kila skrubu, hata iwe ndogo, ukiilazimisha skrubu ya brasi inakatika kichwa na hapo umejiongezea kazi ya siku nzima.

Kutu: grainda, siki, au magadi na umeme

Pwani kila kitu cha chuma kinaliwa, chumvi ya baharini haimsubiri mtu. Bawaba, makomeo, funguo, fremu za baiskeli, na vifaa vyenyewe vya kazi.

Grainda na brashi ya waya inasafisha geti kwa dakika chache, lakini inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, nyaya zinachomoka zinaruka kama sindano, miwani si hiari na ile kofia ya kukinga isitolewe kama ninavyoona watu wanaitoa. Kwenye komeo la zamani inafuta alama za nyundo ya mhunzi, ukimaliza linaonekana limetoka dukani jana.

Siki au maji ya ndimu, unatumbukiza usiku, asubuhi unasugua kwa brashi. Rahisi, salama, bei ya chini. Kasoro yake inakula na chuma chenyewe ukikisahau, kwa hiyo kagua kila baada ya saa kadhaa, na ukitoa suuza kwa maji yenye magadi kidogo kuua ukali, kausha, paka mafuta palepale, ukichelewa kutu inarudi mbele ya macho yako.

Ile ninayoipenda ni ya umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi kijiko kikubwa kwa kila lita nne. Soda safi ya kufulia ni bora zaidi, magadi yana uchafu wake, lakini nje kwenye upepo mie natumia magadi haya ya maharage. Chaja ya betri ya gari ya kizamani ya volti 12, waya wa hasi kwenye kitu chenye kutu, waya wa chanya kwenye kipande cha nondo chakavu, na viwili hivyo visigusane. Vipovu vinaanza, baada ya saa kadhaa kutu imelegea inatoka kwa brashi ya kawaida na chuma kizima hakijaguswa, hata maandishi ya kiwanda yaliyozikwa ndani yanarudi. Masharti: fanya nje kwa sababu vile vipovu vina haidrojeni inayowaka, hakuna sigara hapo. Usitie chumvi ya kawaida. Chanya usiweke chuma kile cha masufuria kisichoshika kutu, kinatoa sumu kwenye maji. Zima kwanza ndo uingize mkono. Na usitie alumini wala brasi, hii ni kwa chuma tu.

Mwaka juzi nilipata jiriwa ya zamani kwa vyuma chakavu kwa bei ya uzito, imekaza haizunguki. Siku mbili ndani ya ndoo, na sasa ndo inayoshika kila kitu kwenye benchi langu.

Vinginevyo

Benchi liwe zito, liwe na kimo cha mkono ukiuning'iniza, mengine ni mapambo. Taa moja iwekwe ubavuni si juu, mwanga wa ubavuni ndo unaonyesha mikwaruzo. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la mvule, tafuta ile iliyoandikwa N95 au FFP2. Vifaa vya chuma vifutie mafuta ya cherehani kila Ijumaa, ndani ya boksi lenye mfuniko. Na matambara uliyopakia mafuta ya linsidi usiyakunje ukayatupa kwenye kona, yanajipasha moto yenyewe na yanawaka kweli bila kiberiti, yatandaze nje moja moja kwenye kamba mpaka yakauke yawe magumu, au yatumbukize kwenye ndoo ya maji.

Yule kijana listi yake tuliipanga upya palepale kwenye baraza. Patasi mbili za mtumba, kioo na msasa wa maji, kikwanguo nimemkatia mwenyewe, klampu nne, gundi nyeupe, miwani na barakoa, na hela ikabaki. Drili ataazima kwangu. Jana kaleta kasha, tumelifungua mfuniko tukakuta bawaba ni za asili, zimeshika kutu lakini nzima, sasa hivi ziko kwenye ndoo ya magadi.